Mkono unaokufa ganzi: jinsi ya kujua kama neva inabanwa kwenye ubavu wa kwanza

Ukilalamika kwamba mkono unakufa ganzi, kila mtu ana jibu. Jirani atasema ni presha, muuza duka la dawa atakupa vidonge vya vitamini B, na wa nyumbani atakwambia uliulalia vibaya. Mara nyingi ni jambo dogo kweli, au ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Lakini wapo watu wanaotibiwa kifundo kwa miaka, wengine hata wakapasuliwa hapo, kumbe neva inabanwa juu kabisa, chini ya shingo, pale inapovuka ubavu wa kwanza kuelekea kwapani. Hali hiyo ni sindromu ya mlango wa juu wa kifua, na kwenye faili la hospitali utaiona imeandikwa TOS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, thoracic outlet syndrome. Hatua zilizo hapa chini hazitakufanya daktari wa kujitibu mwenyewe. Zitakusaidia kufika kwa daktari ukiwa na maelezo yanayomwonyesha pa kutafuta, maana ugonjwa huu hugunduliwa zaidi kwa maelezo ya mgonjwa kuliko kwa mashine.

Kwanza kabisa: dalili zisizosubiri

Mkono mzima ukivimba ndani ya saa chache au siku moja, ukawa mzito, ukabadilika rangi, na mishipa ya damu ikajitokeza begani na kifuani, huenda damu imeganda kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, inayopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Huwapata zaidi vijana wenye nguvu zao: wanyanyua vyuma, waogeleaji, mafundi walioshinda wamenyanyua mikono. James Paget wa London aliieleza hali hii mwaka 1875 na Leopold von Schrötter wa Vienna mwaka 1884, na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Bonge la damu linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na dawa za kuliyeyusha hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vitabu husema mkono huwa wa bluu. Kwenye ngozi nyeusi tazama kucha na kiganja, kisha upime unene wa mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, pale pale kwa kila mkono.

Usisubiri pia kama vidole vimepoa na kupauka, au vina vidonda vidogo kwenye ncha visivyopona: hiyo ni shida ya ateri, mshipa unaopeleka damu mkononi. Maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata ni ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ganzi ya ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kupotea ni kiharusi. Na maumivu ya bega yanayoendelea usiku na mchana kwa mvutaji sigara, huku kope la jicho la upande huo limeshuka na mboni imekuwa ndogo, yanahitaji picha ya kifua haraka, kwa sababu uvimbe kwenye ncha ya juu ya pafu hukandamiza neva hizihizi.

Njia ya neva, kutoka shingoni hadi kwapani

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Nyingi uso wake mmoja unatazama nje na mwingine ndani. Ubavu wa kwanza haufuati utaratibu huo: ni mfupi, umepinda kuliko zote, na umelala bapa, uso mmoja juu na mwingine chini. Nyuma umeungana na pingili ya kwanza ya uti wa mgongo sehemu ya kifua. Mbele umeungana na mfupa wa kidari, chini kidogo ya mtulinga. Kwa hiyo uso wake wa juu ni kizingiti, na vyote viendavyo mkononi lazima vikivuke.

Vinavyovuka ni vitatu. Mbele kabisa ipo vena. Nyuma yake ipo ateri, na karibu na ateri, kwa nyuma na juu, lipo fungu la neva za mkono, ambalo limeundwa na mizizi mitano: C5, C6, C7, C8 na T1 (C ni ya shingo, T ni ya kifua, na namba huhesabiwa kutoka juu). Kati ya vena na ateri umesimama msuli wa skaleni ya mbele, unaoshuka kutoka pingili za shingo na kujishikiza kwenye kinundu kidogo cha ubavu huo. Nyuma ya neva upo msuli wa skaleni ya kati. Misuli hiyo miwili na ubavu vinafanya pembetatu nyembamba, na hapo ndipo mahali pa kwanza pa kubanwa. Pa pili ni kati ya mtulinga na ubavu, ambapo vena ndiyo huteseka zaidi. Pa tatu ni chini ya msuli mdogo wa kifua, karibu na sehemu ya mbele ya bega.

Ukikumbuka mzizi mmoja tu, ukumbuke T1. C8 hutokea juu ya ubavu wa kwanza na kwenda zake. T1 hutokea chini ya shingo ya ubavu huo, yaani sehemu yake nyembamba ya nyuma, kisha hulazimika kupanda na kuupita kwa juu ili ukutane na C8. Kizingiti kikiinuka hata kidogo, T1 ndio unaokunjwa kuliko wote. Karibu kila dalili ya neva utakayoisoma huko mbele inatokana na mkunjo huo.

Takriban mtu mmoja katika kila 100, au pungufu ya hapo, huzaliwa na ubavu wa ziada uliochipuka kwenye pingili ya saba ya shingo, yaani C7. Wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mara nyingine ni ubavu kamili. Mara nyingine ni kipande kifupi tu, na kutoka kwenye ncha yake unashuka ukanda mgumu wa nyuzi hadi kwenye ubavu wa kwanza. Ukanda huo hauonekani kwenye eksirei, nao unaweza kukata neva kuliko mfupa wenyewe. Hata hivyo, wengi wenye ubavu wa ziada huishi mpaka uzeeni bila kuhisi lolote. Mtu akikuonyesha picha na kusema "tatizo ni hili hapa", bado hajathibitisha kitu. Kwa kawaida huongezeka jambo la pili: ajali ya gari iliyotupa shingo mbele na nyuma, mtulinga uliovunjika ukaunga kwa nundu kubwa, mabega yaliyoshuka, au miaka ya kazi ya mikono juu.

Hatua ya 1: Chora ramani ya ganzi

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haina gharama. Subiri ganzi ije, kisha chukua kalamu uchore mpaka wake kwenye ngozi yenyewe, halafu piga picha kwa simu. Usimwambie daktari "mkono wote". Karibu hakuna mkono unaokufa ganzi wote kwa sababu ya neva moja.

Ikiwa ganzi ipo kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na inakuamsha usiku mpaka ukung'ute mkono, shuku neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono. Hilo ni tatizo la kawaida mno, hasa kwa wajawazito na wanaofanya kazi za kukunja kifundo.

Ikiwa ipo kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, sasa tazama kwa makini inaishia wapi upande wa juu. Neva ya alna, ambayo hubanwa kwenye kiwiko, inahudumia ngozi ya kiganja tu upande huo. Ganzi yake huishia karibu na kifundo. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kutoka kifundo hadi kiwiko, ina neva yake nyingine kabisa, ambayo huachana na fungu kubwa kule kwapani na haipiti kwenye mfereji wa kiwiko. Kwa hiyo ganzi ikipanda juu ya kifundo kwa ndani, kuelekea kiwiko au kwapa, kiwiko hakina kosa. Tafuta juu: shingo au ubavu wa kwanza.

Kuzitenganisha hizo mbili ni kugumu zaidi, kwa sababu diski ya shingo, yaani ule mto mdogo ulio kati ya pingili, ikibana C8 inatoa ramani inayofanana sana. Mbinu moja ni kugeuza shingo: maumivu yakirushwa mkononi unapoinamisha kichwa nyuma na kukielekeza upande unaouma, au unapokohoa, shingo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Yapo mengine mawili ambayo kwetu hayafai kusahaulika. Ganzi ya kisukari kwa kawaida huanzia kwenye nyayo, miguu yote miwili. Na ukoma bado upo Afrika Mashariki. Neva ya alna kwenye kiwiko ni mojawapo ya zile ambazo ugonjwa huo huzishambulia zaidi. Ukipapasa nyuma ya kiwiko ukakuta neva imenenepa kama kamba, au una baka la ngozi lisilohisi mguso, nenda kituo cha afya. Dawa yake hutolewa bure na inaponya.

Hatua ya 2: Andika mkono ulikuwa wapi

Kwa wiki mbili, kila ganzi ikija, andika ulikuwa unafanya nini. Usijali sana saa, andika mkao. Neva inayobanwa kwenye ubavu hulalamika mkono ukiwa juu ya bega au bega likivutwa chini: kusuka nywele, kupaka dari, kuandika juu kabisa ya ubao, kuanika nguo, kushika bomba la daladala, kushikilia ndoo iliyo kichwani, kulala mkono ukiwa chini ya kichwa, kubeba mkoba mzito au mfuko wa sokoni. Mtulinga husogea kuelekea ubavu mkono unapopanda, na msuli mdogo wa kifua hukazana juu ya neva.

Ganzi isiyojali mkao hata kidogo, iliyopo vilevile asubuhi na jioni, inanifanya niitilie shaka TOS.

Hatua ya 3: Linganisha viganja viwili

Weka viganja vyote juu ya meza, kwenye mwanga wa dirisha. Angalia kile kilima cha nyama chini ya gumba. Halafu geuza mikono uangalie bonde lililo kati ya gumba na kidole cha shahada kwa upande wa nyuma.

Hapa pana jambo ambalo hata wahudumu wengi hulipita. Nyuzi za T1 ndizo zinazoendesha sana msuli wa gumba, lakini hisia za T1 na C8 ziko upande wa kidole cha mwisho. Kwa hiyo mgonjwa ambaye neva yake imeumia kwa muda mrefu kwenye ubavu anaweza kuwa na gumba lililokonda na ganzi upande wa pili wa kiganja. Neva ya mediani ikibanwa kwenye kifundo, ganzi ingekuwa upande wa gumba; alna ikibanwa kwenye kiwiko, kilima cha gumba kisingekonda hivyo. Mchanganyiko huu wa pande mbili unaitwa mkono wa Gilliatt na Sumner, nao ni nadra, ila ukiuona usicheleweshe: msuli ukishanyauka, mara nyingi haurudi wote hata neva ikifunguliwa.

Hatua ya 4: Kipimo cha dakika tatu

Usikifanye kama mkono umevimba au umebadilika rangi.

Kaa wima. Inua mikono pembeni mpaka viwiko viwe usawa wa mabega, kunja viwiko kwa pembe mraba, viganja vitazame mbele. Fumba na kufumbua ngumi polepole, bila kushusha mikono, kwa dakika tatu. Mwenye afya atachoka mabega lakini atamaliza. Mwenye tatizo huhisi uzito na ganzi ileile anayoijua, na mara nyingi mkono mmoja huanguka kabla ya muda. Cha muhimu ni hilo la "ileile": kipimo kikikuletea uchovu mpya wa begani tu, hakijasema lolote. Wenye tatizo la kifundo pia wanaweza kuhisi ganzi, lakini ramani yao ni ile ya gumba.

Kuna kipimo kingine cha zamani: kushika mapigo kwenye kifundo huku mgonjwa akigeuza shingo na kuvuta pumzi, kuona kama mapigo yatapotea. Mimi sikipi uzito. Watu wengi wazima kabisa hupoteza mapigo katika mkao huo, na zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa TOS shida yao ni neva, si ateri.

Hatua ya 5: Hospitalini, omba vipimo kwa mpangilio

Anza na eksirei. Inapatikana hata hospitali za wilaya, ni nafuu, na inaonyesha ubavu wa ziada, nundu ya mtulinga na ncha za mapafu. Omba picha ya shingo kwa mbele pamoja na ya kifua, kwa kuwa ya kifua peke yake inaweza kukata pingili ya saba. Ukitaka kujua ubavu uliouona ni wa shingo au wa kifua, tazama mbawa za pingili, yaani vijifupa vinavyotokeza pembeni: za C7 huelekea chini, za T1 huelekea juu. Ubawa wa C7 uliorefuka kupita kiasi nao ni dokezo kwamba huenda kuna ule ukanda usioonekana.

Baada ya hapo, MRI ya shingo kama diski inashukiwa, na ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu inavyopita, kama kuna uvimbe au ubaridi. Kipimo cha umeme wa neva kinapatikana hospitali chache kubwa. Ukikipata, mwombe mtaalamu apime pia ile neva ya ngozi ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko, maana si kawaida kupimwa bila kuombwa, nayo ndiyo hudhoofika mapema. Kipimo kikitoka safi usikubali kuambiwa unajisingizia. Kwa wagonjwa wengi wa TOS ya neva hutoka safi, kwa sababu neva inabanwa kwa vipindi bila kufa.

Markelle Fultz, mchezaji wa kikapu aliyechaguliwa wa kwanza kuingia NBA mwaka 2017, alipoanza kurusha mpira kwa namna ya ajabu, wengi walisema amepoteza kujiamini. Desemba 2018 alitangazwa kuwa na TOS ya neva, akaandikiwa mazoezi tiba. Huyo ni mtu aliyezungukwa na madaktari, na bado haikugunduliwa mapema.

Hatua ya 6: Badilisha kazi na mazoezi

Nusu ya tiba ni kuondoa mkao unaobana. Msusi amkalishe mteja kwenye kigoda kifupi au mkekani na yeye akae juu, viwiko vishuke chini ya mabega. Fundi rangi apandishe jukwaa badala ya kupandisha mikono, na atumie rola yenye mpini mrefu. Mwalimu atumie sehemu ya kati ya ubao. Begi la mgongoni lenye mikanda myembamba hukandamiza mtulinga juu ya ubavu moja kwa moja. Punguza uzito au tafuta la kukokota. Usiku, lala chali au kwa upande usiouma, mkono ukiwa juu ya mto mbele ya kifua.

Mazoezi yaanze na pumzi. Wanaopumua kwa kifua cha juu hutumia skaleni kuinua ubavu wa kwanza kwa kila pumzi, maelfu ya mara kwa siku. Lala chali, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua tumbo liinuke huku mabega yakitulia. Dakika tano asubuhi na jioni. Ndipo ufuate unyooshaji wa msuli wa kifua: simama mlangoni, kiganja kwenye fremu chini ya usawa wa bega, geuza mwili polepole upande wa pili. Shingo nayo iinamishwe taratibu pembeni, bila kuivuta kwa mkono.

Kosa moja limeenea sana: kumwambia mgonjwa asimame kama askari, mabega nyuma na chini. Mkao huo ndio madaktari wanautumia kubana nafasi ya mtulinga na ubavu kwa makusudi, ili waone dalili. Mwenye mabega yaliyoshuka anahitaji kuyainua kidogo na kuimarisha misuli inayoyashikilia juu. Zoezi lolote linaloleta ganzi na kuiacha hapo baada ya kumaliza, liache. Vyuma vizito vipumzishwe.

Jipe miezi mitatu hadi sita, ikiwezekana chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hupata nafuu hapa hapa.

Hatua ya 7: Kama upasuaji unatajwa

Kwa neva, upasuaji huja mazoezi yakishindwa, au msuli ukianza kukonda. Kwa vena na ateri huja mapema zaidi. Kabla yake baadhi ya madaktari hudunga dawa ya ganzi kwenye skaleni ya mbele. Dalili zikipungua kwa muda, kuna matumaini zaidi kwamba upasuaji utasaidia.

Upasuaji wenyewe ni kukata misuli ya skaleni, kuondoa ukanda wowote, na mara nyingi kuondoa ubavu wa kwanza au ule wa ziada. Si jambo jipya: Holmes Coote aliondoa ubavu wa shingo London mwaka 1861, na David Roos wa Denver alichapisha njia ya kupitia kwapani mwaka 1966. Wengine hupitia juu ya mtulinga. Mwili huishi vizuri bila ubavu huo, lakini eneo ni la hatari. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia inateremka juu ya skaleni ya mbele, ateri kubwa iko sentimita chache, na pafu liko chini yake.

Kabla ya kutia saini, muulize daktari: Ni wapi hasa neva yangu inabanwa, kati ya pale pahali patatu? Umewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi, na ni nani atakayekuwepo kama mshipa wa damu ukipasuka? Utapitia wapi, na kwa nini? Diski ya shingo imeshaondolewa kwenye orodha? Na baada ya kutoka wodini, nani atanisimamia mazoezi, na kuanzia siku ya ngapi?